Kipandikizi cha goti kimewekwa pasipo mahali pake: hupimwaje, na je, ni lazima goti lifunguliwe tena?

Mwalimu wa Kisauni

Assalam aleikum, na salamu kwa wote ambao hawajibu kwa maamkio hayo.

Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka 23, aliumia goti la kulia akicheza mpira katika uwanja wa mchanga huku kwetu Kisauni. Hakugongwa na mtu. Aligeuka ghafla hali mguu umekita chini, akasikia mlio ndani ya goti, na kabla ya magharibi goti lilikuwa limefura. Baada ya kipimo cha MRI tuliambiwa kwamba ligamenti ya msalaba ya mbele, ile ambayo wachezaji huiita ACL, imekatika kabisa. Alifanyiwa upasuaji hapa hapa Mombasa miezi 14 iliyopita, kwa kamera, na kipandikizi kilitokana na kano mbili za nyuma ya paja lake mwenyewe.

Mambo mawili yananitatiza. La kwanza ni kwamba goti bado humponyoka anapogeuka, ingawa akitembea moja kwa moja hahisi tatizo lolote. La pili ni kwamba goti halikunji hadi mwisho. Tangu upasuaji anaswali juu ya kiti, kwa sababu hawezi kukaa kitako cha tahiyatu, na kijana wa umri wake huona haya kuwa kitini safu moja na wazee.

Daktari aliyempasua alilivuta goti mbele na nyuma, akasema kipandikizi kimeshika vizuri na kilichobaki ni mazoezi. Tulikwenda kwa daktari wa pili. Yeye aliitazama eksirei kwa muda mfupi, akasema kwamba tundu la juu limekaa mbele mno na kipandikizi kimesimama wima, kwa hiyo afanyiwe upasuaji wa marudio. Sitaji hospitali wala daktari, wala siombi mtu yeyote akisie ni nani.

Ninaomba mwenye ujuzi anieleze maana ya maneno hayo, mahali hapo hupimwa kwa njia gani, na kama kauli za madaktari hawa wawili zinaweza kuwa za kweli kwa pamoja, maana zote mbili zilisemwa kwa uhakika uleule.

---

Mwanagenzi wa Mifupa

Waaleikum salaam, Mwalimu. Mimi ni daktari niliye katika mafunzo ya upasuaji wa mifupa. Sikumpima mdogo wako, kwa hiyo nitaeleza jinsi mambo yalivyo na nitajizuia kumhukumu yeyote.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloweza kukuondolea uzito moyoni: ndiyo, wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Ligamenti hii ina kazi mbili. Huuzuia muundi usiteleze mbele ya fupa la paja, na husaidia kuuzuia usizunguke ovyo mtu anapogeuka. Kipandikizi kilichosimama wima mno, karibu na mstari wa katikati wa goti, hufanya kazi ya kwanza kwa kiasi cha kuridhisha lakini huishindwa ya pili. Daktari akivuta muundi mbele katika kipimo cha Lachman, atahisi kipandikizi kikikaza na atasema kimeshika. Mgonjwa akiuzungusha mguu uwanjani, goti litamponyoka. Ipo njia nyingine ya kupima, ambapo daktari huuzungusha muundi kwa ndani na kulisukuma goti kutoka upande wa nje huku akilikunja polepole. Kama uzuizi wa mzunguko umepotea, muundi huruka kidogo chini ya mkono wake, na mgonjwa hukunja uso kwa sababu anaitambua hali ileile inayompata. Muulize mdogo wako kama alipimwa hivyo.

Sasa mahali penyewe. Sehemu ya chini ya fupa la paja ina nundu mbili, na baina yake pana bonde. Ligamenti ya asili hushika kwenye ukuta wa ndani wa ile nundu ya nje, nyuma kabisa na chini ya paa la bonde. Upande wa pili hushika juu ya muundi. Shina lake la juu, yaani eneo inaposhika mfupa, lina ukubwa wa takriban milimita 18 kwa 11, na kipandikizi cha kawaida kina kipenyo cha milimita 8 au 9. Hapo utaona kwamba kipandikizi hakiwezi kulijaza shina lote, na kwamba hata wapasuaji wawili waliobobea wanaweza kuchagua sehemu mbili tofauti za shina lilelile bila hata mmoja wao kukosea. Kosa huanza pale tundu linapotoka nje ya shina.

Kwa nini litoke? Sababu moja ni kwamba kwenye ukuta huo pana tuta dogo la mfupa, na nyuzi zote za ligamenti hushika nyuma yake. Mtu asiye mzoefu akitazama kwa kamera hudhani tuta hilo ndilo mwisho wa mfupa, basi hutoboa mbele yake. Watu wa fani walilipa jina la tuta la wanagenzi, nami kila ninapolitaja jina hilo najiona nasutwa. Sababu ya pili ni njia ya kutoboa. Kwa miaka mingi wapasuaji wengi walilitoboa fupa la paja kwa kuipitisha keekee ndani ya tundu la muundi. Ni njia ya haraka, lakini tundu la chini ndilo linaloiamuru keekee ielekee wapi, na mara nyingi huipeleka juu, karibu na paa. Njia nyingine huyatenganisha matundu hayo mawili: keekee huingizwa kupitia kitobo kidogo cha mbele, upande wa ndani wa goti, huku goti likiwa limekunjwa nyuzi 120 au zaidi. Hapo mpasuaji ana uhuru wa kuchagua, ila goti lisipokunjwa vya kutosha, tundu huwa fupi au huupasua ukuta wa nyuma.

Ama kuhusu goti kutokunja, hilo lilinifanya nisome barua yako mara mbili. Tundu la juu likikaa mbele mno, umbali baina ya ncha mbili za kipandikizi huongezeka kadiri goti linavyokunjwa. Mfano wake ni kamba ya ng'alawa iliyofungwa mbali na mahali pake: foromali ikikaa upande mmoja kamba hulegea, ikigeuzwa upande wa pili hukaza hadi ikakatika. Kipandikizi cha namna hiyo ama hulizuia goti lisikunje, ama hunyooshwa kidogo kidogo kwa kulazimishwa mpaka kikalegea. Mgonjwa anaweza kupatwa na yote mawili, na dalili ulizozitaja zinaweza kuingia humo. Lakini zinaweza pia kuwa na sababu nyingine, kama makovu ndani ya goti au kuchanika kwa meniska, ule mto laini ulio baina ya mifupa ya goti, na ndiyo maana sitavuka hapo.

---

Mpigapicha wa Tudor

Nafanya kazi ya eksirei na skani. Kilichonigutusha katika maelezo ya Mwalimu ni maneno «aliitazama eksirei kwa muda mfupi».

Eksirei inaweza kutoa jibu zuri, lakini kwa masharti. Picha ya ubavu ni lazima iwe ya ubavu halisi, yaani nundu mbili za fupa la paja zifunikane kabisa na zionekane kama moja. Goti likipinda hata kidogo juu ya meza, tundu litaonekana mbele au nyuma ya lilipo. Picha nyingi zinazoletwa kwetu si za ubavu halisi, kwa sababu mgonjwa ana maumivu, foleni ni ndefu na fomu imeandikwa «goti» tu bila maelezo mengine.

Picha ikiwa sahihi, kipimo kinachotumika sana ni kile cha Bernard na Hertel cha miaka ya 1990. Huchorwa mstari juu ya paa la bonde, kisha mstatili unaoifunika nundu ya nje kuanzia paa hadi ukingo wa chini. Katika kipimo chao, kitovu cha shina la ligamenti kilikuwa asilimia 24.8 ya urefu wa mstatili kutoka nyuma, na asilimia 28.5 ya kimo chake kutoka kwenye paa. Kwa lugha nyepesi, robo kutoka nyuma na zaidi kidogo ya robo kutoka juu. Upande wa muundi, kitovu hukaa karibu na asilimia 43 ya upana wa mfupa kutoka ukingo wa mbele kwenda nyuma. Daktari anaposema «mbele mno», Mwalimu ana haki ya kuuliza ni asilimia ngapi.

Ninachopendekeza ni skani ya CT yenye kuundwa upya kwa pande tatu. Kompyuta huondoa ile nundu ya ndani katika picha, na ukuta wa nundu ya nje hubaki wazi mbele ya macho, tundu likionekana kama jicho la sindano. MRI ni nzuri kwa kipandikizi chenyewe, meniska na gegedu, lakini kwa mahali pa tundu na kipenyo chake CT ndiyo inayoaminiwa zaidi. Kipenyo pia kina maana yake, kwa sababu matundu hupanuka kadiri muda unavyopita, na upana huo ndio huamua kama marudio yatafanywa kwa awamu moja au mbili.

Jambo moja zaidi, linalonikera kila mara: watu wanakuja na ripoti ya karatasi pekee. Ombeni picha zenyewe kwenye diski, kwa sababu ripoti haiwezi kupimwa upya.

---

Fundi wa Changamwe

Samahani kwa kuingia katika mambo ya wasomi. Mimi natoboa vyuma kila siku, na siku hizi mashine inaelekezwa na kompyuta mpaka sehemu ya kumi ya milimita. Kwa nini goti la mtu litobolewe kwa kukadiria kwa jicho?

---

Mwanagenzi wa Mifupa

Swali lako halina haja ya kuombewa samahani, fundi. Mifumo ya kompyuta ya kumwelekeza mpasuaji wa ligamenti hii ilianza kutengenezwa katika miaka ya 1990, na mojawapo ya timu za mwanzo ilikuwa Grenoble, Ufaransa. Ujerumani walijaribu hata roboti. Mifumo hiyo ilipolinganishwa na mkono wa mpasuaji mzoefu, matundu yalikaa kwa mfanano zaidi, lakini magoti ya wagonjwa hayakuonyesha nafuu ya wazi iliyozidi ya wale wengine, na gharama na muda wa upasuaji viliongezeka.

Kwa fikira zangu, sababu ni hii: chuma unachokitoboa wewe kimekuja na mchoro, na alama ya msumari imekwisha kuamuliwa. Goti halina mchoro. Kuna usahihi wa kupiga pale ulipokusudia, na kuna usahihi wa kukusudia pale panapostahili, na kompyuta husaidia ule wa kwanza. Zamani tuliwahi kufundishwa kwamba kipandikizi kikae mahali ambapo urefu wake haubadiliki goti linapokunjwa, jambo lililotupeleka juu na mbele. Baadaye wengi, akiwamo marehemu Freddie Fu, mpasuaji wa mifupa wa Pittsburgh, Marekani, walisisitiza turudi kwenye shina la asili la kila mgonjwa, kwa kuwa magoti hayafanani. Mtu aliyelenga shabaha ya zamani na kuipiga barabara alikuwa sahihi kwa kipimo cha siku zake.

Hata namna ya kupataja mahali imebadilika. Vitabu vilizoea kuufananisha mdomo wa bonde na uso wa saa, na kusema tundu la goti la kulia liwe kwenye namba 11, kisha wakashuka hadi namba 10. Hapa Pwani mfano huo una mtego wake, maana akrabu ikiwa kwenye namba 11 sisi husema saa tano, na nimewahi kushuhudia wanafunzi wawili wakibishana robo saa wakati wote wawili walikuwa wanaonyesha sehemu moja. Ila kasoro yake kubwa ni nyingine: uso wa saa hukuambia juu au chini, lakini haukuambii mbele au nyuma, na nyuma ndiko kwenye hesabu.

---

Fiziotherapia Nyali

Namshukuru daktari, lakini ninaona uzi huu unaelekea kulibebesha tundu kila mzigo. Nimefanya mazoezi na wagonjwa wa upasuaji huu kwa miaka mingi, na ningependa Mwalimu apate majibu ya maswali machache kabla hajakubali goti lifunguliwe tena.

Alirudi uwanjani lini? Kipandikizi hakiingii ndani ya goti kikiwa ligamenti. Ni kano iliyokatwa kutoka kwenye damu yake, hufa kwa sehemu, kisha hujengwa upya kwa miezi mingi, na katika wiki za mwanzo huwa dhaifu kuliko siku ile kilipowekwa. Vijana wengi husikia goti halina maumivu katika mwezi wa nne, wakadhani kimepona. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kuchelewa kurudi mchezoni, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa takriban nusu. Kama mdogo wako alicheza bonanza la mwezi wa tano, kipandikizi kinaweza kuwa kimelegezwa hata tundu likiwa mahali pake.

Misuli ya mbele ya paja ina nguvu kiasi gani ikilinganishwa na mguu wa pili? Jibu la «anajitahidi» si kipimo. Paja lililonyauka hufanya goti lilegee katika ngazi, na mgonjwa husema «linaniponyoka» kwa hali mbili zilizo tofauti kabisa: moja ni goti kukunjika mbele kwa sababu misuli imekosa nguvu, nyingine ni muundi kuteleza pembeni wakati wa kugeuka. Mwalimu amesema humtokea anapogeuka tu, na hilo kwa kweli linaegemea upande wa daktari, lakini amwangalie akishuka ngazi pia.

Na goti linakunja nyuzi ngapi? Kitako cha tahiyatu huhitaji goti likunjwe karibu na mwisho wa uwezo wake, kwa hiyo mtu anaweza kufika nyuzi 125, ambazo zinatosha kupanda matatu na kuendesha baiskeli, na bado asiweze kukaa hivyo. Tofauti ya 125 na 95 ni kubwa sana katika kutafuta chanzo. Ukija na namba hizi tatu, yaani muda, nguvu na nyuzi, mpasuaji yeyote atakusikiliza kwa namna nyingine.

---

Goti Mara Mbili

Mimi ni mgonjwa tu, naishi Likoni. Nilipasuliwa goti la kushoto mara mbili, ndiyo sababu ya jina langu humu.

Langu lilikuwa kinyume cha la mdogo wako. Lilikunja, lakini halikunyooka. Nilitembea kama mtu anayekanyaga mwiba, na kuteremka kwenye feri asubuhi watu wakisukumana ilikuwa adhabu. Niliambiwa kwa muda mrefu kwamba sijitumi katika mazoezi. Mwishowe ilionekana kwamba tundu la chini, la kwenye muundi, lilikuwa mbele mno, na kila nilipojaribu kuunyoosha mguu kipandikizi kilikuwa kikibanwa na paa la bonde, mpaka pakatokea kinundu cha kovu mbele yake. Nilimlaumu sana daktari wa kwanza. Yule wa pili, ambaye angeweza kujisifu, aliniambia kwamba mwenye kufungua goti la mwenzake huyaona makosa kirahisi.

Ninachotaka kumwambia dada Mwalimu ni kwamba marudio si kurudia. Kano zangu za nyuma ya paja zilikuwa zimekwisha kutumika, kwa hiyo ilichukuliwa kano ya chini ya pia ya goti pamoja na vipande vya mfupa kila ncha. Matundu ya zamani yalikuwa yamepanuka, basi kwanza yalijazwa mfupa, nikangoja miezi mitano bila ligamenti yoyote, ndipo kipandikizi kipya kikawekwa. Miezi mitano ya gongo na tuktuk. Sasa ninanyoosha, ninatembea, ninaogelea. Mpira niliuacha. Hakuna aliyenikataza, ila niliona nimekwisha kulipa.

Kabla ya yote hayo, daktari wa pili alidai jambo moja nililoliona la usumbufu: maandishi ya upasuaji wa kwanza. Alitaka kujua kipandikizi kilikuwa na unene gani, skrubu ni za aina gani, na meniska ilifanyiwa nini.

---

Mwanagenzi wa Mifupa

Ndugu yetu wa Likoni ameligusa jambo ambalo nilipaswa kulitaja mwanzo. Huko Marekani kundi la wapasuaji linalojulikana kama MARS liliwafuata wagonjwa 460 waliofanyiwa marudio, na matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2010. Wapasuaji walihesabu kwamba jeraha jipya pekee lilikuwa chanzo kwa asilimia 32, kasoro za ufundi pekee asilimia 24, mwili kutokipokea kipandikizi asilimia 7, na waliobaki, asilimia 37, walikuwa na sababu zilizochanganyika. Katika kasoro za ufundi, tundu la fupa la paja lisilo mahali pake ndilo lililotajwa kuliko yote. Takwimu hizo hunukuliwa kila mahali, lakini msomaji asisahau kwamba aliyekuwa akitoa hukumu ni mpasuaji wa pili, na kwa hiyo zinachukua pia rangi ya jicho lake.

Nimpe Mwalimu na mfano wa upande wa pili, ili asidhani kwamba tundu likikaa kwenye shina la asili basi mambo yamekwisha. Mwaka 2013 ilichapishwa hesabu kutoka sajili ya taifa ya Denmark. Waliotobolewa kwa ile njia ya kitobo cha mbele, inayosifiwa kwa kulifikia shina la asili, walifanyiwa marudio zaidi ya wale wa njia ya zamani: asilimia 5.16 dhidi ya 3.20 baada ya miaka minne. Maelezo mawili hutolewa. Njia ilikuwa mpya na mikono ilikuwa bado inajifunza. Na kipandikizi kilichokaa mahali pa asili hubeba mzigo wa asili, ilhali kilichosimama wima hukwepa sehemu ya mzigo kwa sababu hakifanyi kazi yote. Mimi naegemea maelezo hayo ya pili, ingawa walimu wangu wawili hawakubaliani nami.

Ndiyo maana mpasuaji mwangalifu haangalii tundu peke yake. Ataangalia pia mteremko wa uso wa juu wa muundi, kwa kuwa mfupa ulioinamia nyuma kwa nyuzi 12 au zaidi huzidi kukisukuma kipandikizi kila hatua. Na kwa kijana anayetaka kurudi kwenye mchezo wa kugeukageuka, anaweza kuongeza mkanda wa kano upande wa nje wa goti. Jaribio la STABILITY la mwaka 2020 lilionyesha kwamba nyongeza hiyo ilipunguza kukatika kwa kipandikizi kutoka asilimia 11 hadi 4 ndani ya miaka miwili.

Kuhusu maandishi ya upasuaji: yaombeni kwa barua. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake mwenyewe, na ombi la namna hiyo si shutuma.

---

Mwalimu wa Kisauni

Nimechelewa kurudi kwa sababu ya mitihani ya muhula. Nawashukuru nyote, na ninaleta niliyoyapata.

Nilimuuliza kuhusu mwezi wa tano. Alinyamaza kwanza, kisha akakiri kwamba alicheza mwezi wa sita, ufukweni, «dakika chache tu». Mamaangu alikuwa amekaa karibu, na yaliyofuata sitayaandika humu.

Goti linakunja nyuzi 105, na mguu wa pili 140. Nguvu ya misuli ya mbele ya paja ilipimwa ikawa asilimia 82 ya ile ya mguu usioumia. Kile kipimo cha kuuzungusha muundi kilifanywa na daktari wa tatu, nami nilikuwapo: goti liliruka, na mdogo wangu akaushika mkono wa daktari kabla hajaambiwa neno.

Skani ya CT ilisomwa kwa ule mstatili. Tundu la juu liko asilimia 41 kutoka nyuma na asilimia 9 kutoka kwenye paa. Tundu la chini liko asilimia 44, ambalo daktari alisema halina neno. Matundu yote mawili yamepanuka hadi milimita 10, na akasema kwa upana huo, na kwa kuwa tundu jipya la juu litakuwa mbali na la zamani, pengine marudio yanaweza kufanywa kwa awamu moja. Mteremko wa muundi ni nyuzi 9. Hakutuharakisha. Ametupa miezi mitatu ya kuimarisha paja kwanza, akaeleza kwamba paja imara litahitajika tupasue tusipasue, na kwamba baada ya hapo mdogo wangu mwenyewe ndiye ataamua kama maisha anayoyataka yanahitaji goti linalohimili kugeuka.

Nilimuuliza kama daktari wa kwanza alikosea. Alizikuza zile picha kwenye kioo, akanionyesha tuta lenyewe na tundu likiwa mbele yake, akasema, «Mahali pamekosewa, kwa sababu gani, hapa hapaonyeshi.» Maandishi ya upasuaji ndiyo yaliyobaki. Nimepeleka barua mara mbili, na karani ameniambia nirudi Alhamisi.

---

Fiziotherapia Nyali

Kutoka 82 hadi 90 kwa miezi mitatu inawezekana akifanya kazi mara tatu kwa wiki. Ila asilazimishe kukunja kupita 105 kwa kukalia kisigino, kama vijana wanavyopenda kufanya baada ya swala. Kama kipandikizi ndicho kinachozuia, atakikata. Kiti hicho akivumilie kidogo.